Soma faili za wochidogi kabla ya kugusa kifaa chenyewe

Kompyuta ndogo iliyofungwa juu ya paa Eastleigh ikiganda usiku wa manane, nani atapanda ngazi kuizima na kuiwasha? Hiyo ni kazi ya wochidogi: saa ndani ya chipu inayoiwasha mashine upya isipokumbushwa kwa wakati kwamba mashine bado iko hai.

Kwenye Linux, anzia /sys/class/watchdog/watchdog0/. Faili ya identity hutaja chipu au draiva (programu inayoiendesha chipu), timeout ni sekunde zilizopangwa, state husema active au inactive. Kuna chipu zisizo na timeleft, yaani sekunde zilizobaki. Faili hizi zisome bila wasiwasi.

Hatari iko kwenye faili ya kifaa chenyewe, /dev/watchdog. Kuifungua tu, hata kwa amri ya cat, saa huanza kuhesabu. Ikifungwa bila kuandikiwa herufi V, kwa kawaida inaendelea, na mashine inajiwasha upya ukiwa katikati ya kazi. Mpangilio wa nowayout (ukishaanza, hakuna kusimamisha) ukiwa 1, hata V haisaidii.

Faili ya timeout haibadilishwi kwa amri ya echo. Weka RuntimeWatchdogSec=15 kwenye /etc/systemd/system.conf, faili ya mipangilio ya systemd (programu inayosimamia huduma za Linux), washa upya, kisha isome tena, maana draiva nyingine hubadilisha namba kidogo. Systemd hukumbusha chipu kila nusu ya muda huo, lakini hiyo haithibitishi kwamba programu yako iko hai. Kwa hilo, weka WatchdogSec kwenye faili ya systemd ya huduma yenyewe.