Nilivyozishika namba za Kihispania

Kuhesabu uno, dos, tres hadi diez hakumshindi mtu. Kazi ipo pale mtu anapokutajia namba ya simu kwa kasi na wewe umeshika kalamu. Aliyezikariri kwa mfuatano akisikia siete (7) huanza kimoyomoyo uno, dos, tres mpaka aifikie, na mwenzake huku ameshataja nyingine nne. Kwa hiyo nilijifunza namba zikiwa zimevurugwa tangu siku ya kwanza: naandika tarakimu ovyo kwenye karatasi, nazisoma kwa sauti, kesho nazipanga upya.

Matamshi yalikuwa mteremko. Irabu ni tano zilezile tulizonazo, na mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Nueve (9) husikika "nuebe", veinte (20) "beinte". C ya cinco (5) sehemu kubwa ya Hispania ni th ya thelathini, Amerika ya Kusini ni s. Mdomo nikaupa s, masikio nikayazoesha zote mbili.

Once, doce, trece, catorce na quince (11 hadi 15) ni za kumeza tu. Kuanzia dieciséis (16) mambo yananyooka, maana ni diez na seis zimegandishwa. Veintiuno (21) na ndugu zake nao ni neno mojamoja. Ukifika treinta y uno unajiona uko nyumbani: thelathini na moja, y ndiyo "na" yetu. Tahadhari ni kwamba y hiyo hukaa kati ya makumi na mamoja tu. Sisi husema mia mbili na tano, wao doscientos cinco, basi. Dawa yake kwangu ilikuwa miaka. Kila nilipoona mwaka umeandikwa, kwenye sarafu au jalada la kitabu, niliusoma: 1985, mil novecientos ochenta y cinco. Namba ndefu yote ile ina y moja, tena mwishoni. Na mil yenyewe haitanguliwi na un.

Upatanisho ulinifurahisha. Aliyekulia kwenye vitabu viwili na watu wawili hashtuki kuona namba ikibadilika. Kwao dos haibadiliki kabisa. Zinazobadilika, kwa kufuata jinsia ya nomino, ni uno na mamia kuanzia 200 hadi 900: un libro (kitabu, jinsia ya kiume), una casa (nyumba, ya kike), doscientos libros, doscientas casas. Humo kwenye mamia kuna wakaidi watatu, quinientos (500), setecientos (700) na novecientos (900), ambao hawafuati cinco, siete na nueve kama ungetarajia.

Sesenta (60) na setenta (70) ndizo zilizohitaji jasho. Zinatofautiana kwa konsonanti moja, na kwa mtu anayesema haraka, hiyo moja hupita kama upepo. Nilifungua kibodi ya sauti kwenye simu, nikaiweka kwenye Kihispania, nikawa naitajia namba: 67, 76, 66, 77. Ikiandika nilichokusudia, naongeza kasi. Ikiandika 66 badala ya 76, narudia taratibu huku nikiikaza ile t, kwa sababu setenta inaichukua kutoka siete. Simu haina adabu ya kujifanya imekuelewa, na hapo ndipo inapomshinda mwalimu mpole. Zoezi hili lilinifaa pia kwa namba za simu, maana wengi huzitaja mbilimbili: treinta y cuatro, setenta y seis, si tarakimu mojamoja.

Saa ilinifundisha jambo kubwa kuliko yote. Las siete ya asubuhi ni saa moja yetu, kwa hiyo ukipitia Kiswahili kwanza unabeba mahesabu mawili kichwani. Niliacha kutafsiri. Natazama 7:00 kwenye kioo cha simu, mdomo unasema las siete, Kiswahili hakikuhusishwa. Nikaona njia hiyohiyo inafaa kwa namba zote: tarakimu ifungwe moja kwa moja na sauti yake.

Juu ya hapo palibaki milioni, ambayo hudai de kabla ya kitu kinachohesabiwa, un millón de libros, na bilioni, ambayo kwao ni mil millones. Neno billón lipo, ila ni milioni mara milioni, mara elfu ya hiyo bilioni yetu. Nikisoma habari za uchumi, hapo bado napunguza mwendo na kuhesabu sifuri.