Kanda za ZX Spectrum zilizokataa kupakia: jinsi zilivyoingia kwenye hifadhi

ZX Spectrum ni kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980 iliyopakia programu kutoka kwenye kaseti. Dalili zilikuwa hizi: kaseti inasikika vizuri, faili la WAV (sauti iliyonaswa) linaonekana safi, lakini likigeuzwa kuwa TAP (faili lenye data ya kanda tu, bila sauti) linakatika njiani, na kompyuta yenyewe inaandika "R Tape loading error". Kuongeza sauti hakukusaidia. Kuchuja mvumo kulizidisha makosa, na kunasa kwa sampuli za kHz 96 badala ya 44.1 kulinenepesha faili tu.

Kilichofaa ni hiki. Zima Dolby (kipunguza mvumo cha deki). Kanda ikicheza, geuza skrubu iliyo ubavuni mwa hedi (kichwa kinachosoma kanda) kwa bisibisi ndogo isiyo na sumaku, kidogo kidogo, mpaka mlio wa data uwe mkali kabisa. Kila kanda ina pembe yake ya hedi, kwa hiyo rudia kila unapobadilisha.

Kisha nasa stereo, ila tumia chaneli moja tu. Hapa ndipo wengi hukwama. Hedi ikiinama hata kidogo, chaneli moja huchelewa. Ukizichanganya kupata mono, sauti za juu hufutana na biti hupotea, ingawa sikio halitambui lolote. Kushoto kukigoma, jaribu kulia.

Kagua kila bloku (fungu la data) ya TAP: ukiacha baiti mbili za mwanzo zinazotaja urefu wake, XOR (ulinganisho wa biti kwa biti) ya baiti zote lazima iwe 0.

Nakala zilizojirudia zitafute kwa SHA-1 (alama inayokokotolewa kutoka kwenye data ya faili) ya TAP, maana WAV mbili za kanda ileile hazilingani. Hata hivyo, WAV usiifute: michezo yenye upakiaji wa kasi haitoshei kwenye TAP, inahitaji TZX (aina ya faili inayohifadhi pia mpangilio wa mipigo ya kanda).