Jinsi nilivyomzoesha mbwa wangu kutovuta kamba

Msitu wa Karura, Nairobi, mbwa lazima afungwe kamba, na wangu alikuwa akinikokota tangu getini. Sikutaka atembee kama askari wa gwaride. Matembezi ni yake pia, anuse majani apendavyo. Nilichotaka ni kamba iliyolegea tu.

Dawa ilikuwa kusimama. Kamba ikikaza, nasimama kimya, simvuti wala simkemei. Akigeuka ikalegea, namsifu, nampa kipande cha maini ya kuchemsha, tunaendelea. Mbwa huvuta kwa sababu kuvuta humfikisha anakotaka. Tulianzia uani, kusiko na tumbili. Kola nayo niliiacha, nikamvisha hanesi, yaani mikanda ya kiwiliwili, yenye pete ya kufungia kamba kifuani: akivuta, inamgeuza kwangu, na koo halikabwi.

Siku hizi anavuta akiona tumbili tu.