Sinia la tatu

Jumamosi moja ya Februari, nilipokuwa naishi Pennsylvania, Marekani, binamu yangu alimwaga mezani mifuko mitatu ya krispi. "Dada, si unajua kupika? Tutengeneze zetu."

Tulianza kwa kuonja. Kampuni ya Utz ilianzia Hanover, jimbo hilohilo, mwaka 1921. Mfuko wetu ulikuwa Grandma Utz's, ambazo hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Asiyekula nguruwe asome mgongo wa mfuko kabla ya kufungua. Grippo's ya Cincinnati ina unga mwekundu wa barbekyu, sukari mbele, pilipili nyuma. Zapp's ya Louisiana, Spicy Cajun Crawtators, inafuata viungo ambavyo watu wa huko huchemshia kamba wa mtoni. Kwangu Grippo's ilishinda kwa unga, Zapp's kwa mlio wa meno.

Sinia la kwanza liliharibika kabla ya moto kuwashwa. Viazi vilikuwa vimekaa wiki nzima kwenye friji, na kiazi kikipigwa baridi chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, wanga wake huanza kugeuka sukari. Nilikata vipande vya milimita 1.5, nikavitia kwenye mafuta ya nyuzi 180. Ndani ya dakika mbili vilikuwa rangi ya kahawa, vichungu, na katikati bado laini. Sukari huungua kabla maji hayajaisha.

La pili tulitumia viazi vilivyokaa kabatini. Nilisuuza vipande mpaka maji yakawa maangavu, nikavikausha kwa taulo, nikakaanga gramu 150 kwa lita 2 za mafuta. Povu lilipokoma, nikaopoa: maji yakiisha, mapovu nayo huisha, kwa hiyo sikio na jicho vinatosha kuliko saa. Rangi ilikuwa ya dhahabu. Kisha binamu, akitaka ladha ya siki, akamimina siki juu. Krispi zikalegea kama karatasi iliyonyeshewa. Viwandani hutumia siki ya unga, kwa sababu krispi nzuri hubaki na maji kama asilimia 2 tu. Tone moja linatosha kuziua.

"Basi siki iingie kabla," nikamwambia. Tuliloweka vipande vibichi nusu saa kwenye siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, tukavikausha sana, maana maji kwenye mafuta ya moto hurusha. Asidi pia hupunguza kasi ya kuwa kahawia, hivyo tulikuwa na muda zaidi.

Safari hii tuliiga Zapp's: vipande vinene kidogo, havijasuuzwa baada ya kulowekwa, vyote vikatumbukizwa kwa mkupuo. Joto lilishuka mpaka nyuzi 140, likapanda polepole huku nikikoroga visigandane. Ilichukua dakika nane. Zilitoka zimejikunja, ngumu, zenye malengelenge. Chumvi ilikuwa tayari, imesagwa kwenye kinu iwe kama unga, na niliinyunyiza ndani ya sekunde chache za kuopoa, mafuta yakingali yanang'aa juu. Zikipoa, chumvi hudondoka chini ya sinia. Binamu alikuwa anakula kabla sijamaliza kutikisa, akiungua vidole.