Msanii akikataliwa, uliza kwanza alipeleka nini na kwa nani

Tarehe 1 Januari 1962, katika studio za kampuni ya rekodi ya Decca kule West Hampstead, London, vijana wanne kutoka Liverpool walirekodi nyimbo 15 za majaribio. Wiki kadhaa baadaye wakajibiwa kwamba hawahitajiki. Karibu kila anayeandika kuhusu wasanii waliokataliwa huanza na The Beatles, akawacheka Decca, kisha akatuambia tusikate tamaa. Ushauri huo haumsaidii mtu anayejiandaa kwa usaili wiki ijayo. Tuitazame siku yenyewe.

Walisafiri mkesha wa mwaka mpya, kwenye theluji, saa takriban kumi ndani ya gari dogo la mizigo. Asubuhi wakafika studio hawajalala vya kutosha. Mafundi wakaziona ampu zao, yaani vikuza sauti vya magitaa, wakasema hazifai kurekodia, wakapewa za studio ambazo hawakuzizoea. Haya madogo yana uzito: mpiga gitaa aliyezoea ampu yake anajua aguse uzi kwa nguvu kiasi gani, na akibadilishiwa ghafla mkono hukosa uhakika, naye mwimbaji akisikia gitaa limelegea huanza kulalia nyuma ya mdundo.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa kwenye orodha ya nyimbo. Meneja wao, Brian Epstein, alitaka kuonyesha kwamba vijana wake wanaweza kila kitu, kwa hiyo kulikuwa na rock, nyimbo za zamani za jukwaani na vichekesho. Katika zile 15, ni 3 tu zilizotungwa na Lennon na McCartney. Msikilizaji akifika mwisho anajua kwamba kundi linaweza kuiga mengi. Kundi lenyewe ni la aina gani, hajui.

Upande wa pili wa meza kulikuwa na hesabu nyingine. Siku hiyo hiyo Decca waliwasikiliza pia kundi la Brian Poole and the Tremeloes, na Dick Rowe, mkuu wa idara ya wasanii, akamwambia prodyuza wake Mike Smith achague kundi moja. Wakachaguliwa Tremeloes, waliotoka Dagenham, pembeni tu mwa London. Ukiwahitaji studio kesho, unapiga simu wanakuja. Sentensi maarufu inayodaiwa kuwa ya Rowe, kwamba makundi ya magitaa yamepitwa na wakati, imetoka kwenye masimulizi ya Epstein, na Rowe mwenyewe aliikana. Mwaka uliofuata, 1963, Rowe huyo huyo aliwasainisha The Rolling Stones, baada ya kusifiwa kundi hilo na George Harrison wa The Beatles. Masikio yake hayakuwa mabovu kiasi hicho.

Kilichofuata ndicho kinachosimuliwa kidogo. Epstein aliondoka na kanda za Decca, na badala ya kuzunguka nazo zilivyo, Februari 1962 akaingia kwenye duka la muziki la HMV, Oxford Street, London, ili zikatwe kuwa diski, kwa kuwa diski ni rahisi kumchezea mtu ofisini. Fundi aliyekuwa akikata akapenda alichosikia, akawataja kwa kampuni ya uchapishaji muziki iliyokuwa kwenye jengo hilo hilo. Mchapishaji hanunui sauti ya mwimbaji. Ananunua tungo. Kwa hiyo zile nyimbo 3 zilizopotea katikati ya 15 kule Decca, huku ndizo zilizokuwa bidhaa. Kupitia mlango huo Epstein akamfikia George Martin, prodyuza wa Parlophone, lebo ya kampuni ya EMI. Juni kundi likaingia studio za EMI. Martin hakuridhishwa na upigaji wa ngoma, na Agosti mpiga ngoma akabadilishwa. Oktoba 1962 wimbo wao wa kwanza ukatoka na kufika nafasi ya 17 kwenye chati za Uingereza. Kati ya Januari na Oktoba vilibadilika aina ya mnunuzi, bidhaa iliyowekwa mbele na mtu mmoja kwenye kundi. Huko si kuvumilia tu.

Kuna pia kukataliwa kunakotokana na kipimo kibovu. Fred Astaire, mcheza dansi na mwigizaji wa Marekani, ana hadithi ya karatasi ya majaribio ya filamu inayodai hajui kuigiza, ana upara na anacheza kidogo tu. Karatasi hiyo hakuna aliyeitoa ikaonekana, na ningeshauri watu waache kuinukuu. Kilichopo kwenye kumbukumbu ni waraka wa David O. Selznick wa kampuni ya filamu ya RKO, mwaka 1933: analalamikia masikio makubwa na kidevu kibaya, lakini anakiri kwamba haiba ya huyu bwana inapenya hata kwenye majaribio mabovu namna ile. Wapimaji wengi hawana jicho hilo. Taa ikiwa mbaya, wanaamini wewe ndiye mbaya.

Orkesta za Marekani zililiona tatizo hili kwa namna yake. Kuanzia miaka ya 1970 nyingi zilianza kuweka pazia kati ya mpigaji na majaji, na baadhi zikatandika zulia ili viatu visimsaliti mwanamke kwa mlio wa visigino. Wanawake walioajiriwa wakaongezeka. Hadi leo nashangaa kwamba fani nyingi nyingine za burudani hazijaazima wazo hilo hata kwa raundi ya kwanza ya kusikiliza sauti.

Amitabh Bachchan ni mfano wa sauti moja kukataliwa mahali pamoja na kutafutwa pengine. All India Radio hawakumtaka kama msomaji. Mwaka 1969 sauti hiyo hiyo ikatumiwa na mwongozaji Mrinal Sen kusimulia filamu, na mwaka huo huo akaonekana kwenye filamu yake ya kwanza kama mwigizaji. Bado filamu zake nyingi zilizofuata zilianguka, ukiacha chache kama Anand ya 1971 ambamo nyota alikuwa Rajesh Khanna. Mashujaa wa wakati ule walikuwa wapenzi wenye nyimbo. Mwaka 1973 ikaja Zanjeer, askari mwenye hasira, nafasi ambayo nyota kadhaa walikuwa wameikataa, na waandishi wake Salim na Javed ndio waliomsukuma kwa mwongozaji. Nafasi ilipobadilika, ukimya wake na sauti nzito vikageuka mtaji.

Mwimbaji Jennifer Hudson alitolewa kwenye American Idol, shindano la uimbaji la televisheni ya Marekani, mwaka 2004 akiwa wa 7. Kule wanaoamua ni watazamaji wanaopiga kura, wiki hadi wiki, na kura hufuata mapenzi na mazoea. Usaili wa filamu ya Dreamgirls ulipima kitu kingine: nani anaweza kubeba wimbo mmoja mzito na kuuigiza mbele ya kamera. Februari 2007 akachukua Oscar ya mwigizaji msaidizi. Lady Gaga naye alisainiwa na lebo ya Def Jam mwaka 2006 na kuachwa baada ya miezi mitatu hivi. Akajikita kuandikia wengine nyimbo. Mtunzi anayeuza wimbo huimba sauti ya mwongozo ili mnunuzi asikie utakavyokuwa, na mwimbaji Akon alipoisikia sauti yake ya mwongozo, akamtaka yeye mwenyewe. Januari 2009 Just Dance ilikuwa namba moja Marekani.

Sasa upande wa vitendo. Mwimbaji anayekwenda usaili abebe nyimbo mbili, wa tatu ukae akiba. Ule wa kwanza uonyeshe sauti yako ndani ya sekunde 30, maana wasikilizaji wengi huwa wameshaamua kufikia hapo. Mlio wa utangulizi ukate ubaki wa baa nne, yaani mizunguko minne ya mapigo. Usiimbe wimbo ambao kila mtu anausikia kichwani kwa sauti ya gwiji aliyeuimba, kwa sababu utalinganishwa naye na si na waliopanga foleni nawe. Ufunguo, yaani kimo cha sauti cha wimbo, uchague wa kukutosha asubuhi mbaya, si ule wa jioni koo likiwa limepata moto: kushusha nusu toni au toni nzima hakuna anayekugundua, kupasuka kwenye noti ya juu kila mtu anakugundua. Midundo iweke kwenye simu na kwenye flashi, kwa sababu kifaa kimoja hugoma siku hiyo hiyo.

Mwigizaji anayejirekodi nyumbani huharibu zaidi kwenye sauti kuliko kwenye uigizaji. Anayekusomea upande wa pili anasimama karibu na kamera, kwa hiyo yuko karibu na maikrofoni. Asipopunguza sauti, yeye ndiye atakayesikika kama mhusika mkuu. Mweke pembeni kidogo ya lenzi, umtazame yeye, usiitazame lenzi isipokuwa umeambiwa. Simu ilale kwa mapana, iwe usawa wa macho, picha ianzie kifuani, ukuta nyuma uwe mtupu, mwanga utoke mbele. Jina la faili liandike kama walivyoelekeza, herufi kwa herufi. Faili lenye jina la kubahatisha hupotea kwenye rundo, na mwenyewe unabaki ukidhani umekataliwa.

Ukijibiwa hapana, andika kwenye daftari tarehe, jina la aliyekusikiliza, ulichopeleka na alichosema. Kisha uamue ni hapana ya aina gani. Kama hukusikilizwa kabisa, tatizo ni njia ya kufika: tafuta mtu mwingine wa kukupeleka. Kama walisikiliza wakasema hufai kwa kazi hii, kipande kile kile kipeleke kwa mnunuzi wa aina nyingine. Kama watu watatu wasiojuana wamelalamikia jambo lile lile, kwa mfano matamshi au mdundo, hapo usibishane nao. Lirekebishe kabla ya kwenda kwa wa nne. Wengi hufanya kinyume: hubadilisha kila kitu baada ya hapana ya kwanza, na hawabadilishi chochote baada ya ya kumi.

Jambo la mwisho ni makaratasi, na hapa mwanamuziki Sixto Rodriguez wa Detroit ndiye wa kumsoma. Albamu zake za 1970 na 1971 hazikuuza Marekani, lebo ikamwacha, akarudi kwenye kazi za ujenzi na kubomoa nyumba. Wakati huo huo Afrika Kusini rekodi zake zilikuwa zikiuzwa kwa miaka na watu wakiamini amekufa. Hakujua, na mirabaha haikumfikia. Alikwenda kupiga muziki kule mwaka 1998. Kwa hiyo lebo ikikuacha, dai kwa maandishi majibu ya maswali haya kabla hujatoka mlangoni: masta, yaani rekodi asili, ni za nani, kuna muda gani wa kuzuiwa kurekodi upya nyimbo hizo, tungo ziko chini ya mchapishaji yupi, na taarifa za mauzo zitatumwa wapi. Karatasi ya mgawanyo ya kila wimbo, inayoonyesha nani ana sehemu gani, isainiwe na wote waliotunga siku ulipokamilika, asilimia zikijumlishwa zifike 100. Na ukihama, peleka anwani mpya kwa lebo, kwa mchapishaji na kwa chama cha kukusanya mirabaha, wote watatu, hata kama kwa miaka mitano iliyopita hawajakutumia hata senti.