Miguu iliyonona

Nilipojiandikisha kusomea kazi ya kulea watoto wadogo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, shangazi yangu aliniuliza kama kweli mtu anakwenda darasani kujifunza kufuta kamasi. Hakuwa peke yake. Wengi mjini kwetu wanadhani kreshi, yaani malezi ya watoto wachanga, na maternele, shule ya chekechea, ni kazi ya msichana aliyekosa mlango mwingine, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mkufunzi wetu, muuguzi mstaafu tuliyemwita Mama, alifundisha kwa mikono. Mtoto wa chini ya mwaka 1 akipaliwa na chakula hadi ashindwe kupumua, umlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara 5 kati ya mabega, kisha umgeuze umbonyeze kifua mara 5. Tulirudia kwa mwanasesere hadi mikono ikazoea. Lakini somo lililonishika zaidi nilipewa siku ya kwanza ya staji, mafunzo ya vitendo.

Ilikuwa maternele ndogo huko juu Kadutu, ambako nyumba zimepandana mlimani na mlango wa mmoja unaangalia bati la mwenzake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, watoto wakaingia na matope hadi magotini. Mama hakuturuhusu kuwaimbisha. Alitupa kazi moja tu: kaeni, watazameni, kisha mniambie nani anawatia wasiwasi.

Penye mkeka, ukutani, alikaa binti wa miaka 3. Mwenzangu alimsifu: mpole, msafi, hata miguu imenona. Mimi nilikuwa namwangalia inzi. Alitua kwenye mdomo wa yule mtoto, akatembea hadi puani, na mtoto hakuinua mkono kumfukuza. Wenzake walikuwa wanagombania mpira wa mifuko hatua chache tu kutoka pale. Hakugeuza hata kichwa.

Nikamwambia Mama. Alichuchumaa, akamsalimu mtoto, akamwomba ruhusa kama anavyoombwa mtu mzima, akamvua sandali.

“Njoo, binti yangu. Dole gumba moja hapa, jingine kwenye mguu wa pili. Bonyeza, hesabu polepole hadi tatu.”

Nilipoinua vidole, vishimo viwili vilibaki palepale, kama nimebonyeza unga wa muhogo uliolowa.

Bwaki, utapiamlo unaovimbisha mwili. Kivu nzima tunalijua jina hilo, na nadhani aibu yake inatutisha kuliko ugonjwa wenyewe. Tulimpima mzunguko wa mkono kwa mkanda wa rangi unaoonyesha utapiamlo: rangi ya njano, yaani kati ya milimita 115 na 125. Mwenzangu akapumua, kwa kuwa si nyekundu, rangi ya hali mbaya zaidi. Mama akatikisa kichwa. Miguu yote miwili ikivimba namna hiyo, rangi ya mkanda haina neno tena. Mtoto anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mzazi wake alikuja kumchukua, mgongoni amebeba kitoto kichanga. Hata kabla hatujamaliza kueleza, alikuwa amekunja uso.

“Mimi simnyimi mtoto wangu chakula.”

“Najua, mama,” Mama akamjibu. “Ninaona alivyooga, ninaona nguo yake ilivyofuliwa. Jana mlipika nini?”

Bugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo. Na juzi? Vilevile. Akauliza kuhusu sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Yule mama akatazama chini: sambaza anazinunua ufukweni alfajiri, ni za kuuza, zikiliwa nyumbani kesho hakuna mtaji.

Mama hakumpa hotuba ya lishe. Alichukua kile kitoto kichanga akakibeba mwenyewe, mimi nikambeba binti, tukateremka wote.

Kituoni nesi alifungua pakiti ya siagi ya karanga ya kutibu utapiamlo, gramu 92, akampa mtoto mbele yetu. Mwenye hamu ya kula na uvimbe mdogo hutibiwa akiwa nyumbani na kurudi kila wiki. Anayekataa hupelekwa hospitali. Tulikaa kwenye benchi na kikombe cha maji. Alilamba, akanyamaza. Akalamba tena. Kisha akaishika pakiti kwa mikono yake mwenyewe, akaikamua.

Mzazi aliuliza zinauzwa bei gani. Nesi akamwambia atapewa bure, ila asizigawe kwa wengine nyumbani, maana hizo ni dawa ya huyu mmoja.

Kesho yake tuliwavua viatu watoto wa darasa zima, na Mama aliniambia mimi nianze.