Mawazo mafungu mawili, na yule mchunga ng'ombe

Wiki hii usingizi umenikimbia na sababu yenyewe ya kijinga tu, meseji moja kwenye grupu la familia kuhusu mchango wa harusi, ndugu yangu kaniandikia maneno ya kunishusha mbele za watu na mimi nikanyamaza. Ila nimenyamaza mdomo tu jamani. Kichwani nishamjibu kila namna, nikioga namjibu, nikiwa kwenye daladala namjibu, na saa nane usiku ndo yanakuja yale majibu makali yenyewe. Kwa hiyo nikarudi kwenye zile hotuba za zamani za Buddha, zile zilizohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya India, maana hizi klipu za "ondoa mawazo yote, vuta pumzi, tabasamu" mi zinanichosha. Niyaondoe niyapeleke wapi?

Kuna mkusanyo unaitwa Majjhima Nikaya, hotuba 152 za urefu wa kati, na ya 19 ndo naipenda kuliko zote. Buddha yuko Savatthi, kaskazini mwa India, anawasimulia watawa mambo ya zamani kabla hajafikia kuamka kwake kiroho, wakati bado na yeye anahangaika kutafuta. Anasema aliamua kuyagawa mawazo yake mafungu mawili. Fungu moja akaweka ya tamaa, ya chuki na ya ukatili, fungu la pili ya kuachilia, ya kutokuwa na chuki na ya kutodhuru mtu. Basi, hakuna mbwembwe. Na kinachonifurahisha ni kwamba hasemi wazo baya lilikuwa halimjii, lilikuwa linamjia kama kawaida, ila likija analitambua, limekuja hili, afu anajiuliza linafanya nini, anaona linamuumiza yeye, linaumiza wengine, linaumiza pande zote, na akishaliona hivyo linapoa lenyewe. Hajiiti mwenye dhambi, hajipigi kifua. Anaangalia hasara, kama mfanyabiashara.

Halafu anasema kile mtu anachokiwaza na kukiwazua mara kwa mara ndiko moyo wake unakoelemea. Hapo niliweka simu chini. Maana siku zote hizi mi nilikuwa najiona namshinda yule ndugu, majibu yangu matamu, yamepangika, kumbe naupa moyo wangu mazoezi ya hasira, tena bila kukosa hata siku moja.

Sasa ndo anakuja mchunga ng'ombe. Mwezi wa mwisho wa masika ya kule, mazao yamejaa mashambani, mchungaji ana fimbo, anawachapa ng'ombe huku na huku, anawazuia, anawarudisha, kwa sababu anajua wakiingia shamba la mtu kuna kuchapwa, kufungwa, kulipishwa faini na kulaumiwa. Msomaji wa kwetu hapa hahitaji tanbihi, mtu yeyote aliyewahi kusikia kesi za wakulima na wafugaji kule Kilosa anajua ng'ombe mmoja kwenye mahindi anaweza kuleta nini. Afu msimu unageuka, mwezi wa mwisho wa kiangazi, mazao yote yameshaingia kijijini, sa hivi mchungaji yule yule kakaa chini ya mti, ng'ombe wanazurura wanavyotaka, kazi yake imebaki moja tu, kukumbuka kwamba wale pale, ng'ombe. Fimbo ni ya mawazo mabaya, kukaa chini ya mti ni kwa mazuri.

Tena hata kwa hayo mazuri hakuishia hapo. Anasema ningeweza kuwaza mema usiku na mchana bila kuona hatari yoyote, ila nikiwaza sana mwili utachoka, mwili ukichoka akili inatibuka, na akili iliyotibuka iko mbali na utulivu. Kwa hiyo akaituliza akili ndani, na kuanzia hapo anaeleza zile hatua za utulivu mzito. Mi hii nimeipenda sana, mtu anaifanyia akili kazi kubwa namna hii na bado anakumbuka kuna mwili unachoka.

Hotuba inayofuata, ya 20, ni fundi zaidi, inatoa njia tano za wazo linalong'ang'ania. Kwanza lete wazo jingine zuri, kama seremala anavyong'oa kigingi kinene kwa kupigilia chembamba. Ikishindikana angalia ubaya wa lile wazo, kama kijana aliyejipamba halafu avalishwe mzoga wa nyoka shingoni. Ikishindikana usilijali, geuza macho. Ikishindikana lipunguze kasi, kama mtu anayetembea haraka akajiuliza kwanini naharakisha, akaenda taratibu, akasimama, akakaa, mwisho akalala. Ya tano ndo ya kukaba, uma meno, bana ulimi kwenye kaakaa, iponde akili kwa akili. Sasa cha ajabu, kwenye hotuba ya 36 anasimulia kwamba hiyo hiyo ya kuuma meno aliwahi kuifanya enzi za kujitesa, jasho likamtoka kwapani, na mateso yale hayakumfikisha popote. Kwa hiyo mi nasoma kwamba imewekwa ya mwisho kwa makusudi, ni kama breki ya dharura, hauendeshi nayo gari.

Yangu imenisaidia ile ya nne. Jana usiku niko ndani ya chandarua, jirani kaweka mpira kwa sauti, hotuba yangu kwa ndugu ikaanza upya, nikaiuliza tu haraka yote hii ya nini, grupu lenyewe limelala. Haikuisha, ila ilipungua mwendo mpaka nikasikia tumbo limekaza, nikalilegeza.

Mchango nimeshautuma, bila maneno. Leo usiku nahamia ile ya 118 ya kufuata pumzi, ina hatua 16 na mi nitakaa na nne za mwanzo tu, kujua pumzi ndefu, kujua fupi, kuusikia mwili wote, kuutuliza. Grupu nimeliwekea myuti mpaka harusi ipite.